Huduma ya Maji Vijijini na Shauri la Wenye Kuchota

Mtu wa Ikola hana shida ya kuyaona maji. Akitoka mlangoni pake hulitazama Ziwa Tanganyika, nalo halikauki. Basi mgeni aweza kuuliza, Je, watu kama hawa wana haja gani ya bomba? Swali hili si la upuuzi. Mwenye ndoo hujiuliza lilo hilo kila asubuhi, naye hulijibu kwa miguu yake: akikuta bomba limefungwa, au akadaiwa fedha ambazo hana, huteremka ziwani, ambako hadaiwi kitu.

Lakini ziwa hilo ndimo watu waogamo, wafuamo nguo na kuoshea vyombo. Mwezi Mei mwaka 2015 wakimbizi wengi kutoka Burundi walikusanyika katika kijiji cha Kagunga, ukingoni mwa ziwa hili huko Kigoma. Kipindupindu kikawaingia, na majuma machache hayakupita kabla wagonjwa waliohesabiwa hawajazidi 3,000. Kwa hiyo kumfanya mtu ayaache maji ya bure na kuchota ya bomba ni jambo la uhai, wala amri peke yake haitalitimiza. Yatupasa kwanza kujua kwa nini alipita bombani asichote.

Nchi yetu imejifunza neno hili kwa gharama kubwa. Mwaka 1971 Serikali ilianza mpango wa miaka 20, ili ifikapo mwaka 1991 kila mtu wa kijijini apate maji safi katika mita 400 kutoka nyumbani kwake. Nia ilikuwa njema sana. Pampu zikaletwa, mabomba yakalazwa, mafundi wakarudi mjini. Pampu ilipoharibika watu walisema, "Pampu ya Serikali imeharibika," wakakaa kungoja. Na Serikali haikuwa na mafuta wala vipuri vya kutosha nchi nzima. Mwaka 1991 ukafika, na lengo halikufikiwa. Ndipo sera zikabadilika. Sera ya Maji ya mwaka 2002 ilitaka wenye kutumia maji washiriki kuuchagua mradi, wauendeshe, tena wachangie gharama zake. Sheria Na. 5 ya mwaka 2019 ikaanzisha wakala wa maji vijijini, yaani RUWASA, na kuviweka vyombo vya watumia maji katika jamii kuwa ndivyo vitoavyo huduma.

Hata hivyo, kuunda chombo si kupata shauri. Mara nyingi mkutano huitwa mpango ukiwa umekwisha kuandikwa, mpango husomwa, watu huulizwa, "Mmekubali?" na mikono yote hupanda juu. Hiyo ni kupasha habari tu. Wazee walisema, kitanda usichokilalia hujui kunguni wake, nasi twaona kuwa neno hilo lawahusu hasa watu wa maofisi.

Chukueni habari ya malipo. Fundi ajua nguvu ya pampu na upana wa bomba, lakini hajui habari za mwezi. Dagaa na migebuka huvuliwa kwa taa katika usiku wa giza. Mbalamwezi ikiwaka samaki hawaifuati taa, na wavuvi wengi hupumzika. Basi fedha za kijiji cha uvuvi hupanda na kushuka kwa kufuata mwezi wa mbinguni, si mwezi wa kalenda ambao sisi wenye mshahara huungoja. Ada ya maji ikidaiwa kila tarehe 30, yaweza kuangukia siku ambazo mifuko ni mitupu. Pengine watu watapenda kulipa kwa ndoo. Pengine watapenda kulipa mbele wakati wa giza. Hatujui, wala fundi hajui. Wajuao ni wao. Tena mwaka 2024 uvuvi ulisimamishwa upande wa Tanzania tangu tarehe 15 Mei mpaka tarehe 15 Agosti, ili samaki wazaliane. Mfuko wa maji usio na akiba utapitaje miezi mitatu ya namna hiyo? Haya hayaonekani katika mchoro wo wote wa mhandisi.

Liko pia jambo la saa. Mitumbwi hurudi alfajiri, na wanawake wanunuao dagaa na kuwaanika huwa mwaloni wakati huo. Bomba likifunguliwa alfajiri na kufungwa kabla jua halijapanda, litawafaa wengine, siyo hao. Nao wakiitwa mkutanoni wakati wa kuanua dagaa, hawatafika. Na asiyekuwapo na lake halipo. Ni afadhali kiongozi awafuate penye vichanja, akae, aulize. Mwalimu naye awaulize watoto wa shule, kwa kuwa wao huchota sana, na koki iliyowekwa juu mno huwashinda.

Hatusemi kwamba kila jambo lipigiwe kura. Kipimo cha dawa ya kuua vijidudu, na umbali wa kisima kutoka chooni, ni mambo ya wataalamu, na hayo wayashike kwa nguvu. Lakini saa za kufungua, bei, mahali pa kuweka bomba, na nani ashike ufunguo, hayo ni ya wachotaji. Mhandisi atalalamika kwamba shauri lachukua siku nyingi, na mwaka wa fedha wamalizika tarehe 30 Juni. Malalamiko yake ni ya haki. Kwa hiyo shauri lianze mapema, kabla fedha hazijafika.

Njia yenyewe si ngumu. Watu wawili wakae karibu na bomba asubuhi na jioni, siku za giza na siku za mbalamwezi, wahesabu wanaochota na wanaopita kwenda ziwani, wawaulize kwa upole. Saa mpya na bei mpya zijaribiwe mwezi mmoja, kisha watu waulizwe tena kabla hazijaandikwa kuwa kanuni. Mkutano Mkuu wa Kijiji, ambao kwa sheria ni wa wakazi wote waliotimiza miaka 18, hukutana kila miezi mitatu. Hapo hesabu zisomwe, fedha zilizoingia na vipuri vilivyonunuliwa, na nakala ibandikwe ubaoni kwa mwandiko mkubwa, ili hata aliyekuwa ziwani siku hiyo apate kuisoma.