Ushuru sifuri ng'ambo ya ziwa: Je, mkulima wa Karema atauona?

MKULIMA wa mpunga wa Karema, wilayani Tanganyika mkoani Katavi, anapouza gunia lake shambani mwezi Juni mara nyingi hajui kama mchele wake utaliwa Mpanda, Tabora au Kalemie. Mchuuzi akishamlipa, kwake biashara imekwisha. Lakini tangu Julai 11, 2022 swali la mchele unaliwa wapi limepata thamani ya fedha, na kwa jinsi biashara inavyokwenda, thamani hiyo inaangukia mikononi mwa mtu mwingine.

Siku hiyo Jamhuri ya Kidemokrasia ya Kongo (DRC) ilikabidhi hati zake mjini Arusha na kuwa mwanachama kamili wa 7 wa Jumuiya ya Afrika Mashariki, baada ya kutia saini mkataba wa kujiunga Aprili 8 mwaka huo huo jijini Nairobi. Kwa msomaji wa Dar es Salaam hiyo ilikuwa habari ya wakubwa. Kwa mtu wa Karema ni habari ya jirani. Moba iko kama kilomita 80 tu kwa njia ya maji, na Kalemie haifiki kilomita 200. Kutoka Karema kwenda Mpanda mjini nako ni zaidi ya kilomita 100 za nchi kavu.

Ili kuelewa ukubwa wa badiliko hilo ni lazima turudi nyuma kidogo. Tanzania ilijitoa COMESA mwaka 2000, wakati Kongo, Burundi na Zambia zilibaki. Ikabaki SADC, ambamo Tanzania na Kongo zote zimo. Lakini SADC ilipozindua eneo lake la biashara huria Agosti 2008, Kongo haikuingia. Kwa maneno mengine, kwa miaka zaidi ya 20 mfanyabiashara wa Mpulungu, Zambia, alikuwa na mkataba wa COMESA wa kuegemea alipopeleka shehena Kalemie, na yule wa Karema hakuwa na wa aina hiyo. Sasa mambo yamegeuka. Kati ya nchi nne zinazolizunguka Ziwa Tanganyika, tatu ziko ndani ya Jumuiya ya Afrika Mashariki, na aliyebaki nje ni Mzambia.

Bandari imekuja, karatasi je?

Serikali nayo haikukaa. Mamlaka ya Usimamizi wa Bandari Tanzania (TPA) ilianza kujenga bandari ya Karema mwaka 2019 kwa gharama inayokaribia Sh bilioni 48. Wazo lenyewe ni zuri: mzigo utoke Dar es Salaam, ufike Mpanda, ushuke Karema, uvuke hadi Kalemie ambako kuna reli inayokwenda Kabalo na kuunganika na ile ya Lubumbashi. Si wazo jipya hata kidogo. Wabelgiji waliojenga boma Karema mwaka 1879 walikuwa wakiitazama njia hiyo hiyo ya kuingilia Kongo. Kisha ziwa likawakimbia. Maji yalipopata njia ya kutokea kwa mto Lukuga, pale Kalemie, kina kilishuka mwaka hadi mwaka, na mwaka 1885 boma lao likakabidhiwa wamisionari wa Kikatoliki.

Gati mtu analiona kwa macho, tena unaweza kulipiga picha. Msamaha wa ushuru hauonekani. Uko ndani ya karatasi moja inayoitwa cheti cha uasili wa bidhaa, na bila karatasi hiyo mchele wa Karema ukifika ng'ambo ni sawa na mchele wa Pakistan.

Tufanye hesabu. Tuchukulie kilo ya mchele ni Sh 2,000 na dola moja ya Marekani ni Sh 2,500. Namba hizi ni za mfano, kila mtu aweke za siku yake. Magunia 25 ya kilo 100 yatakuwa na thamani ya Sh milioni 5, yaani dola 2,000. Ushuru wa forodha wa Kongo umepangwa kwa ngazi, zikiwamo za asilimia 5, 10 na 20. Tuchukue ya kati, asilimia 10. Mzigo huo utalipa Sh 500,000. Kisha inakuja kodi ya ongezeko la thamani ya Kongo, ambayo ni asilimia 16. Kwa bidhaa inayotozwa kodi hiyo, ushuru huongezwa kwanza kwenye thamani ndipo asilimia 16 ikokotolewe. Kwenye Sh milioni 5.5 hiyo ni Sh 880,000. Ushuru ukiwa sifuri, kodi hiyo inakokotolewa kwenye milioni 5 na kuwa Sh 800,000.

Tofauti yote ni Sh 580,000, au Sh 232 kwa kila kilo. Mkulima aliyewahi kubishana na dalali kwa sababu ya Sh 50 anajua Sh 232 ni nini.

Lakini angalia jambo moja. Mkataba haukufuta hiyo asilimia 16, kwa sababu si ushuru wa forodha, ni kodi ya ndani ambayo Mkongomani naye anailipa. Nimekuta wafanyabiashara wenye hasira wakiamini wametapeliwa, kumbe walichotozwa ni kodi halali. Na wapo waliotozwa ushuru halisi wakanyamaza, wakidhani ndiyo hiyo kodi. Dawa ni kudai risiti inayotaja jina la kila tozo, hata kama imeandikwa Kifaransa.

Dola 2,000 za mtu mdogo

Magunia 25 katika mfano wangu sikuyachagua kwa bahati. Jumuiya ya Afrika Mashariki ina utaratibu rahisi kwa wafanyabiashara wadogo. Shehena isiyozidi dola 2,000, ikiwa ni ya bidhaa zilizomo kwenye orodha iliyokubaliwa na zimezalishwa ndani ya nchi wanachama, inasafiri na cheti kilichorahisishwa. Kinajazwa kwenye kituo cha forodha mzigo unapotokea, ofisa anagonga muhuri, na hakina malipo. Hakuna haja ya kwenda mbali kutafuta karatasi kubwa.

Mtu atasema magunia 25 hayalipi nauli ya boti. Kweli, peke yake hayalipi. Lakini wakulima wanne wenye magunia 25 kila mmoja wanaweza kupakia boti moja, kila mtu na cheti chake kwa jina lake. Hilo ni halali kwa kuwa kila mzigo una mwenyewe. Lisilo halali ni tajiri mmoja kugawa magunia yake 100 kwa majina ya vibarua wanne. Maofisa wa forodha wanaujua mchezo huo zamani, na ukishikwa unaweza kupoteza msamaha na mzigo pia. Shehena inayozidi dola 2,000 inataka cheti kamili na wakala wa forodha, basi.

Na mchele lazima uwe wa hapa. Sheria za uasili zinasema zao lililolimwa na kuvunwa ndani ya nchi mwanachama linahesabika kuwa la nchi hiyo moja kwa moja. Kwa bidhaa ya kiwandani, kanuni za mwaka 2015 zinaruhusu malighafi za nje ya Jumuiya zisizozidi asilimia 70 ya bei ya kiwandani. Hivyo sukari ya nje iliyonunuliwa Kariakoo ikapelekwa Kalemie haina msamaha. Vilevile vitenge vilivyotengenezwa China vikapitia Kalemie haviwi vya Kikongo kwa kuwa vimevuka ziwa. Mawese yaliyokamuliwa Kongo ndiyo yenye haki ya kuingia kwetu bila ushuru.

Hapo ndipo mkulima anayeuza mpunga shambani anapopotea. Cheti kinatolewa kwa anayesafirisha. Zile Sh 232 zinakuwa za mchuuzi aliyekoboa, akapakia na kugonga muhuri, na sina ubaya naye, kwa kuwa kazi ameifanya. Ila kikundi au chama cha ushirika kinachokoboa chenyewe na kusafirisha kwa majina ya wanachama wake kina nafasi ya kugawana fedha hiyo. Hata kikundi kisichosafirisha kinaweza kuitumia kama hoja ya bei: wewe unavusha bila ushuru kwa kuwa mpunga huu ni wa Karema, basi nasi tuone kitu.

Vikwazo vya upande wetu

Ni rahisi kumlaumu Mkongomani, lakini vikwazo vingine tunavyo wenyewe. Juni 2017 serikali ilizuia mahindi kutoka nje ya nchi, na waliokuwa wamejaza maghala kwa ajili ya majirani walibaki nayo. Mwaka 2023 malori ya nafaka yalikwama mipakani baada ya masharti ya vibali kukazwa. Msafirishaji akatakiwa kuwa na leseni, namba ya mlipakodi na kibali cha kusafirisha mazao. Nia ya serikali inaeleweka, inataka kujua nafaka inakwenda wapi. Lakini soko la ng'ambo haliwi soko kama linafunguliwa na kufungwa kwa tamko. Mnunuzi wa Kalemie aliyekosa mzigo mara mbili atampigia simu mtu wa Mpulungu, na mkataba wa Arusha hautamrudisha.

Kuna pia cheti cha afya ya mimea, kinachotolewa na Mamlaka ya Afya ya Mimea na Viuatilifu (TPHPA), na kuna ubora wenyewe. Kwa mahindi, kiwango cha Afrika Mashariki hakiruhusu unyevu kupita asilimia 13.5, wala sumukuvu kupita sehemu 10 katika bilioni. Mahindi yaliyoanikwa chini kwenye udongo na kufungwa yakiwa mabichi hayafiki hapo. Na lumbesa isahaulike kabisa. Thamani ya cheti inahesabiwa kwa uzito, na gunia lisilojulikana kilo zake linampa ofisa wa upande wowote sababu ya kukadiria anavyotaka.

Upande wa pili, amri ya serikali ya Kongo ya mwaka 2002 inataja taasisi nne tu za kufanya kazi mipakani: forodha, ukaguzi wa bidhaa, uhamiaji na afya. Wafanyabiashara wa mipaka yote ya Kongo wanajua kwamba wanaojitokeza gatini kudai chochote ni wengi zaidi ya hao. Kwa hiyo cheti cha uasili kisichukuliwe kama hirizi. Kabla ya kupakia, mnunuzi wa ng'ambo aulizwe forodha ya kwao inapokea karatasi ipi, na jibu lake lipatikane kwa maandishi.

Lipo jambo kubwa zaidi ambalo litaamua kama mchele wa Katavi utatawala Kalemie. Jumuiya ina ushuru wa pamoja kwa bidhaa zinazotoka nje yake, na mchele uko kwenye orodha ya bidhaa nyeti: asilimia 75, au dola 345 kwa tani, kinachozidi ndicho kinachotozwa. Kongo ikiutumia ushuru huo kikamilifu, mchele wa Asia utapanda bei na wetu utapita bila kulipa. Lakini mlaji wa Kalemie ndiye atakayelipia tofauti hiyo, na hakuna serikali inayokimbilia kupandisha bei ya chakula, hasa baada ya vita kuingia Goma Januari 2025 na Bukavu mwezi uliofuata. Kenya yenyewe, mwanachama tangu mwanzo, kwa miaka mingi imekuwa ikiomba ruhusa ya kuutoza mchele wa Pakistan asilimia 35. Mimi ningekuwa mkulima nisingepanga msimu wangu kwa kutegemea hiyo asilimia 75. Ningepanga kwa ule ushuru sifuri.

Upepo wa kusi

Mwisho ni usafiri. Mpunga wa Katavi unavunwa kuanzia Mei, na Mei hadi Septemba ndiyo miezi ambayo upepo wa kusi unachafua Ziwa Tanganyika. Boti za mbao husubiri siku kadhaa, au husafiri zikiwa zimezidishiwa mzigo ili kufidia siku zilizopotea, na sote tunajua matokeo yake. Bandari inayowapokea watu wa boti za mbao bila meli ya kutosha imetatua nusu ya tatizo. Kigoma inajengwa karakana ya meli, na meli ya mizigo ya tani 3,500 imo katika mpango huo. Ikianza kazi na kupita Karema kwa ratiba inayojulikana, nauli ya gunia itashuka.

Kabla ya hapo, mwenye boti anaweza kushusha nauli kwa njia moja tu: kutorudi mtupu. Akipeleka mchele na kurudi na mawese, safari mbili zinagawana mafuta ya injini. Sharti ni kwamba mawese hayo yatoke Kalemie yakiwa na cheti cha uasili cha Kongo. Cheti hicho aombwe muuzaji kabla madumu hayajashushwa botini, maana ofisa wa Karema atakitaka, na ana haki ya kukitaka.