Makumbusho ya Berlin: Anza na Mahali, Vitu Vifuate

Berlin ina makumbusho zaidi ya 100, na mgeni mwenye siku mbili tu hawezi kuyamaliza. Kama kinachokupeleka ni historia ya karne ya 20, ushauri wangu ni mmoja: tangulia kwenye yale yaliyowekwa palepale mambo yalipotokea. Mengi hayana kiingilio, na yana kitu ambacho kabati la vioo haliwezi kukupa: vipimo halisi vya tukio.

Chukua mtaa wa Bernauer Straße. Ujerumani Mashariki ilipofunga mpaka wake na Berlin Magharibi tarehe 13 Agosti 1961, mstari wa mpaka ulipita kwenye kuta za mbele za nyumba za mtaa huo. Sebule ilikuwa Mashariki. Njia ya waenda kwa miguu chini ya dirisha ilikuwa Magharibi. Watu wakaanza kuruka madirishani. Tarehe 22 Agosti, Ida Siekmann alirusha kwanza matandiko yake, kisha akajirusha mwenyewe, akafariki kutokana na majeraha. Baadaye madirisha yakazibwa kwa matofali, na hatimaye nyumba zenyewe zikabomolewa.

Leo nondo zilizoshika kutu zimesimamishwa kufuata njia ya Ukuta wa Berlin, uliojengwa kwenye mpaka huo. Panda mnara wa kutazamia ulio ng'ambo ya barabara, uangalie chini. Hapo utaelewa jambo ambalo picha nyingi huficha: Ukuta haukuwa ukuta mmoja. Zilikuwa kuta mbili, na katikati yake eneo tupu lenye taa, barabara ya doria na mnara wa walinzi. Aliyevuka ukuta wa kwanza alikuwa bado hajafika popote. Watu wasiopungua 140 walipoteza maisha kwenye mpaka huo.

Makumbusho ya Topographie des Terrors nayo yamekaa kwenye kiwanja cha makao makuu ya Gestapo, polisi wa siri wa Hitler, na ya SS, jeshi la chama chake cha Nazi. Maonyesho yake ni picha na nyaraka zaidi kuliko vitu. Usipite haraka: soma amri mbili tatu kwa utulivu, uone mauaji ya Wanazi yalivyopangwa na makarani kwa lugha ya kawaida ya ofisi.

Kumbukumbu nyingine ziko chini ya miguu yako. Katika Brunnenstraße, mbele ya nyumba namba 193, kuna kijiwe chenye bamba la shaba, upana wake sentimita 10, chenye jina la Bayume Mohamed Husen. Alizaliwa Dar es Salaam mwaka 1904, akawa askari wa Wajerumani angali mtoto, akahamia Berlin, akahudumu mezani, akasaidia kufundisha Kiswahili chuoni na kuigiza katika filamu. Wanazi walimkamata mwaka 1941. Akafia katika kambi ya mateso ya Sachsenhausen mwaka 1944.

Ukishazoea kusoma mahali, ndipo uende Humboldt Forum, yanakoonyeshwa baadhi ya makusanyo ya Makumbusho ya Etnolojia. Makumbusho hayo yanahifadhi vitu vingi kutoka Tanzania, vikiwemo vilivyotekwa wakati wa Vita vya Maji Maji. Hapa kazi inageuka, kwa sababu kitu kimetengwa na mahali pake na hakiwezi kujieleza. Soma kadi ya maelezo ukiwa na maswali matatu: kilichukuliwa na nani, lini, na kwa njia gani? Kadi inayotaja kabila na aina ya mti bila kujibu hayo imekueleza kitu, haijakueleza historia.

Panga siku zako vizuri. Makumbusho mengi ya Berlin hufungwa Jumatatu, ilhali Humboldt Forum hufungwa Jumanne. Topographie des Terrors na uwanja wa wazi wa Bernauer Straße huwa wazi kila siku. Makumbusho mawili kwa siku yanatosha. La tatu utalipita tu, hutalisoma.