Kumwandaa Kijana Kuzungumza Mbele ya Hadhira

Wasilisho fupi ni mazungumzo rasmi yenye mada moja, muda maalumu na hadhira inayojulikana. Katika mtaala wa umilisi nchini Kenya, mawasiliano na ushirikiano ni mojawapo ya umilisi 7 wa kimsingi, na wanafunzi wa sekondari msingi, Gredi ya 7 hadi 9, hujifunza kusikiliza na kuzungumza katika somo la Kiswahili.

Hatua ya kwanza ni mada. Kijana huzungumza vizuri zaidi juu ya jambo analoliona. Huko Kau, karibu na mlango wa mto Tana, mada moja ni maji ya chumvi mashambani. Mada hiyo hugawika katika hoja tatu: mto ukipungua, maji ya bahari hupanda juu zaidi; mpunga hunyauka; wakulima wanaweza kujenga matuta ya kuyazuia maji hayo. Hoja tatu zinatosha dakika mbili.

Hatua ya pili ni itifaki. Msemaji huanza na mgeni mwenye cheo kikubwa, kisha wazee, walimu na wenzake, ndipo ajitambulishe na kutaja mada. Lugha hubadilika pia: "wasee" wa mtaani huwa "wanafunzi wenzangu". Kijana husahihishwa bila lugha yake ya nyumbani kudharauliwa. Huko Tana, kwa mfano, Kipokomo ni lugha ndugu ya Kiswahili, hivyo maneno yake hupenya bila msemaji kutambua. Kiorma, kinachozungumzwa huko pia, ni lugha ya Kikushi isiyo na ngeli za Kibantu, kwa hiyo upatanisho wa sarufi huhitaji mazoezi zaidi.

Hatua ya tatu ni mazoezi. Hotuba iliyokaririwa neno kwa neno hukatika pale neno moja linaposahaulika. Kikaratasi chenye vidokezo vinne au vitano humwezesha kijana kuinua macho. Aanze mbele ya mwenzake mmoja, kisha kikundi, kisha darasa zima. Kituo kifupi baada ya kila hoja humpa nafasi ya kuvuta pumzi, na wasikilizaji nafasi ya kufuata.

Mwisho ni maswali na tathmini. Mwalimu hamkatizi msemaji. Huandika makosa na kuyajadili baadaye, akianza na lililofanywa vizuri, kisha kasoro moja au mbili za kurekebisha. Asiyejua jibu la swali hufundishwa kusema wazi kwamba atalitafuta, badala ya kubuni.