Kuondolewa Mashine ya Kupumulia Siyo Mwisho wa Mapambano

Tarehe 20 Oktoba, 2024, Mkurugenzi Mkuu wa Shirika la Afya Duniani, Dk. Tedros Adhanom Ghebreyesus, alitoa mjini Kigali habari iliyowatia wengi moyo. Wagonjwa wawili wa homa ya Marburg, ambao viungo vyao kadhaa vya ndani vilikuwa vimekwisha kushindwa kazi, walikuwa wameondolewa mpira wa mashine ya kupumulia wakiwa hai, na walikuwa wakiendelea kupata nafuu. Shirika hilo liliamini kwamba jambo hilo lilikuwa halijapata kutokea katika Afrika kwa wagonjwa wa Marburg.

Maradhi hayo, yaliyotangazwa Rwanda tarehe 27 Septemba na kutangazwa kwisha tarehe 20 Desemba mwaka huo, yaliwapata watu 66 na kuwaua 15. Wengi wa waliougua walikuwa wahudumu wa afya, watu ambao kazi yao huwataka kusimama kutwa, kuinua wagonjwa na kushika sindano kwa mkono usiotetemeka.

Ama mgonjwa mahututi akiisha kuondolewa mashine, jamaa zake humshukuru Mungu na kudhani kuwa vita vimekwisha. Kumbe mapambano mengine ndiyo kwanza yanaanza, nayo ni ya kurudisha nguvu za misuli.

Kila aliyepata kufungwa plasta baada ya kuvunjika mguu anajua jinsi mguu ule unavyotoka umekonda. Kwa mgonjwa mahututi mwili mzima hupatwa na hali hiyo, tena kwa haraka zaidi. Hali ya kulala pasipo kujongea ni sababu moja tu. Maradhi makali huufanya mwili uivunje misuli yake wenyewe, na mara nyingine hudhuru hata mishipa ya fahamu inayoiamrisha. Mwaka 2013 wataalamu wa Uingereza walieleza matokeo ya kuwapima wagonjwa mahututi 63: kufikia siku ya kumi, msuli wa mbele wa paja ulikuwa umepungua kwa karibu asilimia 18.

Kiwambo nacho, yaani msuli ulio kati ya kifua na tumbo ambao ndio hasa unaovuta pumzi, hakisalimiki. Mashine ikikifanyia kazi yake yote, hulegea. Uchunguzi uliochapishwa Marekani mwaka 2008 ulionyesha kuwa baada ya saa 18 hadi 69 tu za kukaa bure, nyuzi zake zilikuwa nyembamba kwa zaidi ya nusu kuliko za watu wengine. Ndiyo maana madaktari hupunguza dawa za usingizi mapema iwezekanavyo, na kila siku humjaribu mgonjwa kama aweza kupumua mwenyewe.

Je, kuna dawa ya udhaifu huu? Hakuna kidonge wala sindano ya kuuponya. Tiba kubwa ni mazoezi, nayo huanzia kitandani. Kwanza mtaalamu humkunja na kumnyoosha viungo mgonjwa angali amelala. Kisha humketisha ukingoni mwa kitanda, miguu ikining'inia. Halafu humsimamisha, na mwishowe humtembeza hatua chache. Mwaka 2009 huko Marekani wagonjwa 104 waliokuwa katika mashine walifuatiliwa. Kati ya walioanzishwa mazoezi mapema, asilimia 59 walitoka hospitali wakijitegemea. Kati ya wengine, asilimia 35 tu.

Hata hivyo, mazoezi yana kipimo kama dawa. Uchunguzi mkubwa wa mwaka 2022 wa wagonjwa 750 katika nchi kadhaa ulionyesha kuwa kuyazidisha kupita yale ya kawaida hakukuwaongezea siku za kuishi nje ya hospitali, bali kulileta madhara zaidi, kama vile mapigo ya moyo kwenda mrama. Basi kazi hii yataka mtaalamu, siyo pupa.

Sehemu iliyobaki ni ya nyumbani, nayo huweza kuchukua miezi, pengine miaka. Kigali ni mji wa vilima. Mtu ambaye paja lake limekonda hushindwa na ngazi za mtaani kwake, na akichutama chooni huhitaji mkono wa kumwinua. Jamaa wasiofahamu humwona mvivu, au humtimiza mahitaji yote kitandani kwa huruma. Yote mawili humdhuru. Yafaa apewe chakula cha kujenga mwili, kama maharage, mayai na dagaa. Ahimizwe kuketi, kusimama na kutembea kwa kadiri alivyoelekezwa. Na arudishwe kwa mganga endapo pumzi inambana au nguvu zinazidi kupungua.

Mashine humwokoa mtu asife. Kumrudisha kazini na kwa watoto wake ni kazi ya mganga, ya mgonjwa mwenyewe, na ya yule jamaa anayempa mkono kila asubuhi ili ainuke.