Mahindi Yanayoita Nyigu

Nondo wa bungua, mdudu ambaye viwavi wake hutoboa mabua ya mahindi na kuyala kwa ndani, hutaga mayai usiku juu ya majani, na mmea huweza kuyatambua kabla hayajaanguliwa. Utafiti wa ICIPE, kituo cha kimataifa cha utafiti wa wadudu chenye makao makuu Nairobi na tawi lake Mbita kando ya Ziwa Victoria, uliochapishwa mwaka 2011, ulionyesha kuwa baadhi ya mahindi ya asili yakishatagiwa hutoa kemikali tete, yaani kemikali zinazogeuka mvuke upesi, ambazo harufu yake huwaita nyigu wadogo, wengine wakashambulia mayai na wengine wakataga ndani ya viwavi hadi viwavi hao wafe. Inasikitisha kwamba mbegu chotara za kibiashara zilizopimwa hazikutoa mwito huo.

Wataalamu wa Mbita walikwisha kuitumia lugha hiyo ya harufu katika kilimo cha sukuma-vuta, ambapo desmodiamu, mmea wa jamii ya kunde, hupandwa kati ya mistari ya mahindi ili harufu yake iwafukuze nondo, na nyasi za Napier huzungushwa kandokando ya shamba ziwavute. Nyasi hizo, katika saa ya kwanza ya giza, ndipo nondo wanapotafuta pa kutaga, huongeza baadhi ya kemikali zake takriban mara mia. Mizizi ya desmodiamu, kwa upande wake, huzuia kiduha, gugu linalonyonya mizizi ya mahindi.

Mabadiliko ya tabianchi yanayagusa mawasiliano haya pande zote: joto huongeza utoaji wa mvuke, ukame mkali huudhoofisha mmea unaoutoa, na ozoni ya karibu na ardhi, ambayo huzaliwa jua linapopiga moshi wa magari na viwanda, huzivunja kemikali hizo njiani, hivyo harufu isifike mbali. Kwa sababu ya ukame ICIPE ilichagua desmodiamu ya majani ya kijani na nyasi za brakiaria zinazostahimili kiangazi, na hatua hiyo ni ya busara, ila haitoshi. Wazalishaji wa mbegu, ambao hupima mavuno na ustahimilivu wa ukame, wapime pia harufu, na mbegu za asili zihifadhiwe kabla uwezo wa kuwaita nyigu haujapotea mashambani.