Ubora wa Benki za Damu ya Kitovu katika Upandikizaji

Damu inayobaki katika kondo la nyuma na kiungamwana baada ya mtoto kuzaliwa ilikuwa ikitupwa. Kumbe damu hiyo ina seli shina, yaani zile zinazozaa seli nyingine zote za damu. Mnamo Oktoba 1988, katika hospitali ya Saint-Louis mjini Paris, Eliane Gluckman na wenzake walimpandikizia damu ya namna hiyo mtoto mwenye anemia ya Fanconi. Ilikuwa imetoka kwa dada yake mchanga. Tangu hapo zimeanzishwa benki katika nchi nyingi, ambazo huigandisha damu hiyo na kuihifadhi kwa ajili ya wagonjwa wasio na ndugu anayelingana nao.

Swali linalomkabili daktari ni hili: ataiaminije benki iliyo mbali asiyopata kuiona? Swali hilo si dogo. Kabla ya upandikizaji, uboho wa mgonjwa huangamizwa kwa dawa kali au kwa mionzi. Damu iliyoletwa isiposhika, mgonjwa hubaki bila kinga. Wala mtoaji hawezi kuombwa mara ya pili, kwani damu ya kitovu hupatikana siku ya kuzaliwa tu.

Jambo la kwanza linaloangaliwa, pamoja na ulinganifu wa tishu, ni wingi wa seli. Wataalamu wengi hutaka angalau seli milioni 25 zenye kiini kwa kila kilo ya uzito wa mgonjwa. Hivyo mtoto wa kilo 20 huhitaji milioni 500, na mtu mzima wa kilo 60 huhitaji milioni 1,500, kiasi ambacho mifuko mingi haikifikii. Lakini hesabu hiyo kwa kawaida hufanywa kabla ya kugandisha. Haielezi ni seli ngapi zitakazokuwa hai damu itakapoyeyushwa.

Ndiyo maana benki nzuri huacha kipande cha mrija chenye damu ile ile kikiwa kimeungana na mfuko. Kipande hicho hukatwa na kupimwa kabla mgonjwa hajaanza kutayarishwa. Huonyesha kama alama za tishu ni zile zilizoandikwa katika kumbukumbu, yaani mfuko haukuchanganywa na mwingine, na kama seli shina bado zina nguvu ya kuzaa.

Tena daktari hudai historia ya mfuko. Je, mama alipimwa UKIMWI na homa ya ini ya aina B na C? Je, himoglobini ya mtoto ilichunguzwa? Bila uchunguzi huo, mgonjwa aweza kupandikizwa selimundu, ugonjwa unaojulikana mno nchini Kongo. Je, kumbukumbu zaonyesha kwamba baridi haikupungua chini ya nyuzi 150 za hasi tangu siku ya kuhifadhiwa?

Mwaka 2000 yalitolewa masharti ya kimataifa ya NetCord-FACT, ambayo kwayo benki hukaguliwa na kupewa cheti. Cheti hicho ni mahali pa kuanzia uchaguzi. Hata hivyo kinathibitisha utaratibu wa benki, si hali ya mfuko mmoja mmoja. Kwa hiyo hata mfuko wa benki yenye cheti hupimwa kwanza, ndipo uboho wa mgonjwa uguswe.