Kocha wa besiboli ya vyuo Marekani: ngazi ndefu, na wengi walianza bila mshahara

Oktoba 2025 tulisoma kwenye taarifa ya michezo kwamba San Francisco Giants, timu ya besiboli ya kulipwa ya Marekani, imemchukua Tony Vitello kutoka Chuo Kikuu cha Tennessee awe kocha wake mkuu. Tulisoma sentensi mbili tukapita. Msikilizaji mmoja akatuandikia: kocha wa wanafunzi anakabidhiwaje watu wazima wanaolipwa mamilioni? Hapa tuna nafasi ya kueleza zaidi kuliko hewani.

Kwanza mchezo wenyewe. Mchezaji wa timu moja anarusha mpira mdogo mgumu, wa timu pinzani anaupiga kwa gongo kisha anakimbia kuzunguka vituo vinne. Huku kwetu Afrika Mashariki wanaoucheza ni wachache, ingawa watoto wa Lugazi, Uganda, walifika mashindano ya dunia ya watoto kule Williamsport, Marekani, mwaka 2012, timu ya kwanza kutoka Afrika kufanya hivyo.

Kwa Wamarekani, besiboli ya vyuo si bonanza la Jumamosi. Chuo cha daraja la juu hucheza hadi mechi 56 za kawaida, kuanzia Februari mpaka Mei, kisha mtoano, na Juni timu nane za mwisho hukutana mji wa Omaha, jimbo la Nebraska. Imekuwa hivyo Omaha tangu 1950.

Kazi ya kocha huanza mbali na uwanja. Huzunguka shule za sekondari akitafuta vijana, huongea na wazazi, huahidi. Kwa miaka mingi timu nzima ilikuwa na ufadhili kamili wa masomo 11.7 tu wa kugawa, na wachezaji ni zaidi ya 30. Kwa hiyo kocha alikata vipande: huyu nusu ya ada, yule robo, mwingine hapati kitu. Na hata akishakubaliana na kijana, timu ya kulipwa inaweza kumchukua siku anapomaliza sekondari, kabla hajakanyaga chuoni.

Sasa, mtu anaufikiaje ukocha huo? Wengi huwa wamecheza chuoni, wakaona hawatafika ligi kuu, wakaomba kubaki kama wasaidizi. Hapo ndipo palipokuwa na jambo ambalo wasikilizaji wetu wataling'amua upesi. Kanuni za NCAA, chama kinachosimamia michezo ya vyuo, ziliruhusu timu kulipa kocha mkuu na wasaidizi wawili. Kocha wa nne aliruhusiwa, lakini kwa jina la kujitolea. Alifika mazoezini kama wenzake, akafundisha kama wenzake, ila mwisho wa mwezi hakuwa na mshahara wa chuo. Aliishi kwa kufundisha watoto kwenye kambi za likizo na masomo ya binafsi.

Tunao walimu wa kujitolea kwenye shule za vijiji vyetu, wanaoshika chaki kila asubuhi wakisubiri ajira. Tofauti ni kwamba kule chuo kilichokuwa na fedha za kumlipa huyo wa nne kilikatazwa kumlipa. Aliyeweza kuvumilia miaka miwili mitatu ya namna hiyo mara nyingi ni mwenye familia ya kumshika mkono. Aliyetoka kwenye nyumba isiyo na akiba alitafuta kazi nyingine, na hatutajua angekuwa kocha wa aina gani.

Kanuni hiyo ilifutwa Julai 2023. Makocha waliokuwa wamejitolea walikuwa wameishtaki NCAA, na kesi ya wale wa besiboli ikaisha kwa makubaliano ya dola milioni 49. Kanuni mpya inaruhusu kulipa; haisemi alipwe kiasi gani.

Yupo pia aliyefanya kazi karibu bure kwa hiari. Rod Dedeaux, aliyeanza kuifundisha USC ya Los Angeles mwaka 1942 na kustaafu 1986, alichukua dola 1 kwa mwaka. Alikuwa na kampuni yake ya malori! Katika miaka yake USC ilitwaa ubingwa mara 11.

Ukishafika juu, kombe halina uhakika. Mike Martin wa Florida State alifundisha misimu 40, 1980 hadi 2019, akashinda mechi 2,029, nyingi kuliko kocha yeyote wa besiboli ya vyuo. Alifika Omaha mara 17 na hakurudi na kombe hata mara moja. Sisi tunamhesabu miongoni mwa wakubwa kabisa, mabingwa wapende wasipende. Nafasi yake alipewa mwanawe, aliyekuwa msaidizi wake kwa zaidi ya miaka 20. Baada ya misimu mitatu chuo kikamwondoa.

Turudi kwa Vitello. Kabla ya Tennessee alikuwa msaidizi kwa takriban miaka 15 katika vyuo vitatu: Missouri, TCU na Arkansas. Pale TCU bosi wake alikuwa Jim Schlossnagle. Juni 2024 wawili hao walikutana fainali Omaha, Vitello na Tennessee, Schlossnagle na Texas A&M. Msaidizi wa zamani akamshinda bosi, na Tennessee ikapata ubingwa wake wa kwanza. Usiku ule mwandishi alimuuliza Schlossnagle kama anahamia Texas, mahasimu wakubwa wa Texas A&M. Alikasirika, akasema alikuja pale ili asitafute kazi nyingine tena. Kesho yake ilitangazwa kuwa ni kocha wa Texas.

Kwa hiyo, msikilizaji, Giants hawakuchukua mwalimu wa michezo wa shule. Ila uliona sawa kwamba si kawaida. Makocha wa ligi kuu huwa wamecheza au kufundisha kwanza kwenye timu za kulipwa, hata zile ndogo za mikoani. Vitello hakupita huko kabisa, na ni wa kwanza kuvuka moja kwa moja namna hiyo. Msimu wa 2026 ndio wake wa kwanza.